Kujenga wakala wa programu wa kununua na kuuza hisa: mwongozo kamili, kuanzia kwenye breki

Wengi wanaoanza kujenga wakala wa programu wa biashara ya hisa huanzia kwenye ubashiri: bei itapanda au itashuka? Muda wote huishia huko, na siku wakala anapounganishwa na soko la kweli ndipo inabainika kwamba hajui hata ameshika hisa ngapi. Mwongozo huu unapita njia ya kinyume. Kwanza tunajenga namna ya kumsimamisha wakala, halafu namna ya yeye kujua hali yake mwenyewe, halafu utumaji wa oda, yaani maagizo ya kununua au kuuza. Ubashiri unakuja baadaye sana. Ubashiri mbovu hula mtaji polepole, na unauona ukiliwa. Wakala asiyejua hali yake anaumaliza mtaji kabla hujafungua kompyuta.

Ninaposema wakala nina maana ya programu inayosoma soko, kuamua na kutuma oda yenyewe bila mtu kubofya chochote. Utahitaji kujua kuandika programu kwa kiwango cha kati (Python inatosha kabisa kuanzia), akaunti kwa dalali anayepokea oda kupitia API (njia ya programu moja kuzungumza na nyingine), na fedha ambazo hata zikipotea zote maisha yako yataendelea kama kawaida.

Hatua ya 1: Soma kilichoipata Knight Capital

Kabla ya kuandika mstari wowote, elewa vizuri asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012. Knight Capital ilikuwa kampuni kubwa ya biashara ya hisa nchini Marekani. Ilikuwa imeweka msimbo mpya kwenye seva zake nane, ila seva moja ilisahaulika. Ndani ya seva hiyo ulibaki msimbo wa zamani ulioitwa Power Peg, ambao kampuni iliacha kuutumia mwaka 2003 lakini haikuufuta. Msimbo mpya ulitumia tena alama ileile iliyokuwa ikiuamsha ule wa zamani. Soko lilipofunguliwa, seva saba zilifanya kazi sawasawa, na ya nane ikaiamsha Power Peg.

Msimbo huo uligawa oda kubwa kuwa oda ndogondogo na kuzituma sokoni. Zamani kulikuwa na kihesabio kilichouambia kwamba oda imeshajazwa, basi uache. Mwaka 2005 kihesabio hicho kilihamishiwa sehemu nyingine ya programu, na hakuna aliyejaribu kama Power Peg bado inaweza kusimama. Haikusimama. Kwa takriban dakika 45 oda 212 za wateja ziligeuka kuwa miamala zaidi ya milioni 4 katika hisa za kampuni 154, na hasara ikapita dola milioni 460. Mafundi walipohangaika kutafuta chanzo, waliuondoa msimbo mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa nzima, na Power Peg ikaamka huko pia. Barua pepe 97 za tahadhari zilikuwa zimetumwa na mfumo wenyewe kabla soko halijafunguliwa. Hakuna aliyezifanyia kazi.

Hakuna ubashiri hata mmoja uliokosewa pale. Kilichokosekana ni hesabu ya hisa zilizokwisha kununuliwa, kikomo cha juu kilichowekwa nje ya programu yenyewe, na kitufe kimoja cha kuzima kila kitu.

Hatua ya 2: Andika mlinzi kabla ya wakala

Mlinzi ni programu ya pembeni inayokaa kati ya wakala na dalali. Kila oda inapita kwake, na wakala asiwe na nywila wala ufunguo wa API wa kumruka. Mwendeshe mlinzi kama mchakato tofauti, ikiwezekana kwenye mashine tofauti, ili wakala akichanganyikiwa mlinzi abaki na akili zake.

Mlinzi akague mambo machache tu, kwa ukali. Oda haizidi idadi fulani ya hisa. Bei yake haiko mbali na bei ya muamala wa mwisho kupita asilimia uliyoweka. Idadi ya oda kwa sekunde haivuki kiwango. Thamani ya hisa zilizoshikwa, ukijumlisha na oda ambazo bado ziko sokoni, haipiti kikomo. Hayo maneno "ukijumlisha na oda ambazo bado ziko sokoni" ndiyo watu husahau: wakala mwenye hisa 0 na oda kumi za kununua zinazosubiri hana hisa 0, ana hatari ya oda kumi kujazwa kwa pamoja.

Ongeza ukaguzi wa umri wa data. Bei ya mwisho ikiwa imefika sekunde kadhaa zilizopita wakati kwa kawaida zinakuja kadhaa kila sekunde, huenda mtandao umekatika na wakala anaamua kwa picha ya zamani. Hapo oda mpya zisipite.

Kisha amua ngazi za kusimama, maana kusimama si kitu kimoja. Ngazi ya kwanza: oda za kupunguza hisa zinaruhusiwa, za kuongeza hapana. Ya pili: oda zote zilizoko sokoni zinafutwa. Ya tatu: hisa zote zinauzwa. Ngazi ya tatu wengi huiweka ijiendeshe yenyewe hasara ya siku ikifika kiasi fulani, na mimi nakushauri usifanye hivyo mwanzoni. Kuuza kila kitu kwa haraka ni biashara nyingine tena, na mara nyingi hutokea wakati wanunuzi wametoweka. Tarehe 6 Mei 2010, soko la Marekani lilipoporomoka na kuinuka ndani ya dakika chache, hisa za Accenture zilifika hadi kuuzwa kwa senti moja. Baadhi ya waliouza kwa oda za kiotomatiki zisizo na kikomo cha bei walikutana na bei za namna hiyo. Acha ngazi ya pili ijiendeshe, na ya tatu ibaki mkononi mwa binadamu.

Muulize dalali kama ana huduma ya kufuta oda zote muunganisho ukikatika. Baadhi wanayo. Iwashe. Halafu jaribu breki zako kwa makusudi: chomoa waya wa mtandao oda zikiwa sokoni kwenye akaunti ya majaribio, uone kinachotokea.

Hatua ya 3: Wakala ajue hali yake

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo nitakapokaa kwa muda.

Oda ya hisa haina hali mbili tu za kutumwa na kujazwa. Kuna imetumwa lakini haijathibitishwa, imepokelewa na soko, imejazwa nusu, imejazwa yote, imeombwa ifutwe, imefutwa, imekataliwa. Itifaki ya FIX, iliyoanza mwaka 1992 kati ya Fidelity na Salomon Brothers na ambayo hadi leo ndiyo lugha kuu ya oda kati ya taasisi, ina hali ya pekee kwa oda iliyoombwa ifutwe lakini bado haijafutwa. Hali hiyo haikuwekwa kwa urembo.

Tazama mfano huu. Wakala ameweka oda ya kununua hisa 500 kwa 20.11. Zinajazwa 200. Bei inaanza kupanda, wakala anaamua kufuta zilizobaki na kununua kwa bei ya juu kidogo. Anatuma ombi la kufuta. Ombi likiwa njiani, muuzaji anatokea na kujaza zile 300. Ombi linafika, soko linajibu: umechelewa, oda imeshakamilika. Kama wakala aliandika "imefutwa" pale alipotuma ombi, anaamini ana hisa 200, ananunua 300 nyingine, na sasa ana 800 huku akidhani ana 500. Akiuza 500 mwishoni mwa siku, hisa 300 zinalala kwenye akaunti bila mtu kujua. Kwa hiyo kanuni ni hii: hali ya oda inabadilishwa na jibu la soko, kamwe si na nia ya wakala. Mpaka jibu lije, hesabu oda hiyo kana kwamba inaweza bado kujazwa yote.

Jambo la pili ni ukimya. Umetuma oda, mtandao ukakatika, jibu halikuja. Je, oda ilifika? Huwezi kujua kwa kukisia. Kila oda ipewe namba ya kipekee unayoitunga wewe na kuiandika kwenye diski *kabla* ya kuituma. Mtandao ukirudi, uliza hali ya oda kwa namba hiyohiyo. Ukituma upya kwa namba mpya, unaweza kuwa umenunua mara mbili. Dalali anayefuata utaratibu mzuri hukataa namba iliyokwisha kutumika, na huo ni ulinzi wa bure.

La tatu ni kulinganisha hesabu. Kila dakika chache, na kila wakala anapowashwa, aulize dalali: nina hisa ngapi, oda zipi ziko sokoni, salio ni kiasi gani? Alinganishe na daftari lake. Zikitofautiana hata kwa hisa moja, aende ngazi ya kwanza ya kusimama na kukupigia kelele. Usimwandikie msimbo wa kujirekebisha kimyakimya, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo ushahidi wa kasoro unayopaswa kuipata.

Hatua ya 4: Oda inagharimu kiasi gani

Daftari la oda, yaani orodha ya oda zinazosubiri sokoni, lina pande mbili: wanunuzi na bei zao, wauzaji na bei zao. Tuseme mnunuzi wa juu kabisa yuko 20.10. Wauzaji wako hivi: hisa 300 kwa 20.12, hisa 200 kwa 20.13, kisha hisa 1,000 kwa 20.17. Ukituma oda ya bei ya soko, yaani ya kununua kwa bei yoyote iliyopo, ya hisa 1,000, utachukua 300 za kwanza, 200 za pili, na 500 kutoka kwenye 20.17. Wastani wako ni 20.147, ingawa skrini ilionyesha 20.12. Kwa sababu hiyo wakala asitumie oda ya bei ya soko hata siku moja. Akitaka kununua haraka, aweke oda yenye kikomo kilicho juu kidogo ya muuzaji wa kwanza. Atapata haraka ileile, ila bei haitapita mahali alipochora mstari.

Sasa piga hesabu ya pengo lenyewe kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji. Kununua kwa 20.12 na kuuza kwa 20.10 ni hasara ya 0.02 kwa kila hisa, karibu asilimia 0.1, kabla ya kamisheni. Mzunguko mmoja kwa siku, siku 250 za soko kwa mwaka: asilimia 25 ya fedha unayoizungusha. Mkakati wako unapaswa kwanza kushinda hiyo ndipo uanze kuhesabu faida. Mikakati mingi ya haraka hufia hapa, na heri ifie kwenye karatasi.

Njia nyingine ni kuweka oda kwa bei ya wanunuzi, 20.10, na kusubiri. Ukijazwa, umeokoa pengo. Lakini tafakari ni lini unajazwa: ni pale muuzaji anapotaka kuuza mara moja, na mara nyingi ana sababu. Bei ikielekea juu hujazwi, ikielekea chini unajazwa upesi. Hili si bahati mbaya. Glosten na Milgrom walieleza mwaka 1985 kwamba pengo la bei lipo kwa sehemu kwa sababu hii, kumlipa anayesubiri kwa hatari ya kukutana na mtu anayejua zaidi.

Hatua ya 5: Data

Rekebisha mgawanyo wa hisa. Tarehe 31 Agosti 2020 Apple iligawanya kila hisa kuwa nne, na data isiyorekebishwa inaonyesha bei ikianguka kwa robo tatu usiku mmoja. Wakala anayenunua "mianguko" ataishangilia.

Tumia orodha ya kampuni kama ilivyokuwa siku ile, si ya leo. Ukichukua kampuni kubwa za leo na kuzijaribu miaka ya nyuma, umeshawaondoa Enron na Lehman Brothers na wenzao wote waliofilisika, na kila mkakati utaonekana mzuri. Na kila taarifa ipewe saa iliyotangazwa, si tarehe ya kipindi inachokihusu: mapato ya robo mwaka inayoishia Machi hayajulikani siku ya mwisho ya Machi. Saa zote zihifadhiwe kwa UTC (saa ya kimataifa isiyobadilika), la sivyo mabadiliko ya saa za kiangazi yatakuharibia hesabu mara mbili kila mwaka.

Hatua ya 6: Sasa ubashiri

Anza na kanuni ambayo unaweza kuieleza kwa sentensi mbili, pamoja na kwa nini mtu mwingine sokoni yuko tayari kuwa upande wa pili. Kama huna jibu la hilo la pili, huna mkakati bado.

Hatari kubwa ni wakala kukariri data badala ya kujifunza. Ukijaribu mikakati 100 isiyo na thamani yoyote kwa kipimo kinachokubali makosa ya asilimia 5, takriban mitano itafaulu kwa bahati tu. Andika kila jaribio ulilofanya, hata yale uliyoyaacha, kwa sababu idadi hiyo ndiyo inayokuambia matokeo mazuri yana uzito gani. Tenga sehemu ya data usiyoigusa kabisa mpaka mwisho, na uifungue mara moja tu. Ukiifungua, ukarekebisha kitu na kuifungua tena, imeshakuwa sehemu ya mafunzo.

Kuhusu akili mnemba na miundo ya lugha (programu zilizofunzwa kusoma na kuandika maandishi): inaweza kusoma habari kwa wingi ambao mtu hawezi, na matumizi hayo yana maana. Lakini isiruhusiwe kutuma oda moja kwa moja. Itoe namba moja, kwa mfano kati ya -1 na 1, na msimbo wa kawaida uamue kiasi, kisha mlinzi akague. Tarehe 23 Aprili 2013 akaunti ya Twitter ya shirika la habari la Associated Press ilidukuliwa ikatangaza milipuko Ikulu ya Marekani. Fahirisi ya Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilishuka takriban pointi 140 kwa dakika chache, kisha ikarudi. Wakala anayesoma maandishi ya watu asiowajua anaweza kulishwa uongo kwa makusudi, hivyo habari moja kutoka chanzo kimoja isitoshe kumsogeza.

Hatua ya 7: Soko la kuigiza

Kujaribu kwenye data ya zamani kuna kasoro moja isiyoondoka: soko lile halikukuona. Miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliendesha mashindano ya mawakala ambapo oda zao zilichanganywa na daftari la oda la kweli la soko la kielektroniki la Island, kwa wakati uleule. Lilikuwa wazo zuri sana, maana mawakala walijazana wenyewe kwa wenyewe na dhidi ya oda za kweli. Hata hivyo wafanyabiashara wa kweli hawakuziona oda za mawakala, kwa hiyo hawakuweza kuzijibu.

Kwenye soko lako la kuigiza, kuwa mkali dhidi yako mwenyewe. Ongeza ucheleweshaji kati ya uamuzi na oda kufika. Oda inayosubiri ihesabiwe imejazwa pale tu bei inapopita kiwango chako, si inapokigusa, kwa sababu ulikuwa nyuma ya foleni. Na jaribu siku mbaya: ingiza data ya Mei 2010. Siku ile, uuzaji wa mikataba 75,000 ya E-mini (mikataba ya baadaye inayofuata fahirisi ya hisa ya S&P 500) yenye thamani ya takriban dola bilioni 4.1 uliendeshwa na algoriti iliyofuata asilimia 9 ya kiasi cha biashara cha dakika iliyotangulia, bila kujali bei wala muda. Programu nyingine zilipoanza kurushiana mikataba hiyo, kiasi cha biashara kilipanda, na algoriti ikaongeza kasi ya kuuza katikati ya mporomoko. Jiulize kama wakala wako naye ana kipimo kinachoweza kumdanganya hivyo.

Hatua ya 8: Sheria

Nchini Marekani, kanuni ya 15c3-5, iliyopitishwa mwaka 2010, inamlazimu dalali kukagua oda kabla hazijafika sokoni, na Umoja wa Ulaya kupitia MiFID II, tangu Januari 2018, unazitaka kampuni za biashara ya algoriti kupima mifumo yao na kuwa na uwezo wa kufuta oda zote mara moja. Soma kanuni za soko lako na mkataba wa dalali. Kuweka oda kwa nia ya kuzifuta ili kuwahadaa wengine ni kosa katika masoko mengi, na wakala anayejifunza mwenyewe anaweza kuigundua mbinu hiyo bila kufundishwa. Pima uwiano wa oda anazofuta kwa anazojaza. Ukipanda ghafla, fungua kumbukumbu uone anafanya nini.

Hatua ya 9: Kwenda sokoni

Anza na hisa moja kwa kila oda. Faida haitaonekana, na hilo si tatizo: unachotafuta ni kuona hali za oda, ulinganisho wa hesabu na mlinzi vikifanya kazi kwenye soko la kweli. Endesha soko la kuigiza sambamba kwa data ileile, na kila jioni linganisha miamala miwili miwili: wakala wa kuigiza alijazwa kwa bei gani, wa kweli kwa bei gani, na nani alijazwa ilhali mwenzake hakujazwa. Tofauti zikieleweka zote, ongeza kiasi mara mbili, subiri wiki kadhaa, ongeza tena. Kila ukibadilisha msimbo, rudi kwenye hisa moja.

Andika kila uamuzi pamoja na data aliyokuwa nayo wakala wakati ule, hata ule wa kutofanya kitu. Na ukiona pengo kati ya bei aliyotarajia na aliyopata linakua wiki hadi wiki ilhali kiasi cha oda hakijabadilika, punguza kiasi kwanza, halafu ndipo utafute sababu.